Mji wa Mtumba na Kiwanja Chako

Mwenye kitabu na akifungue, mwenye kalamu na aiweke karibu, kwa maana leo kutakuwa na hesabu kidogo. Nanyi mtakaoyasoma maneno haya baada ya kuyasikia, someni polepole. Mkifika kwenye neno gumu, simameni, mlitazame vizuri, kisha mwendelee.

Leo tunajibu swali lililotoka darasa la Sudi. Mzee mmoja ana mwanawe aliyekwenda Dodoma kufanya kazi ya uashi. Kijana ameleta habari nyumbani kwamba huko Mtumba serikali inajenga mji mpya, viwanja vinauzwa kila upande, na yafaa baba auze shamba la mikorosho anunue kiwanja kabla bei haijapanda. Mzee anauliza maswali matatu. Mji huo ni mji wa namna gani? Je, utadumu? Na je, niuze?

Swali la tatu ndilo zito, nalo lina haraka. Lakini ngoja kwanza. Mtu hawezi kujua kama yafaa kununua ng'ombe asiyemjua. Tuutazame mji wenyewe.

Ninyi wa Sudi mnakaa kando ya hori ya bahari, na mikoko mbele yenu. Mji wenu haukuchorwa na mtu. Mtu wa kwanza alijenga karibu na maji ya kunywa na mahali pa kuegesha chombo. Wa pili akajenga karibu na wa kwanza. Njia ikafuata nyayo za watu, si watu kufuata njia. Miji mingi ya pwani yetu ilikua hivyo, na haina aibu.

Mji uliopangwa huanza upande wa pili. Hapo karatasi hutangulia nyumba. Karatasi hiyo huitwa ramani. Andikeni neno hilo: ramani. Mpimaji huja na vyombo vyake, hupima, kisha hufukia mawe madogo ya saruji kwenye pembe za kila kiwanja. Watu wengi huyaita bikoni. Ukiling'oa jiwe hilo umevunja sheria, hata kama umelikuta katikati ya shamba lako. Ramani husema: hapa barabara, hapa shule, hapa soko, hapa ofisi, hapa nyumba za kulala, hapa pasijengwe kitu, maji ya mvua yapite. Ndipo watu huja.

Sasa twende Dodoma. Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma kutoka Dar es Salaam. Sababu yake ilikuwa rahisi kueleweka. Dodoma iko katikati ya nchi, Dar es Salaam iko ukingoni. Ikaundwa mamlaka ya kuujenga mji, iliyojulikana kwa herufi tatu, CDA. Mwaka 1976 ukatoka mpango mkubwa, uliochorwa na kampuni kutoka Toronto, Kanada. Mpango huo ulikuwa na jambo moja zuri sana. Wachoraji walijua kwamba Watanzania wengi hawana magari, basi wakataka mji wa watu wanaotembea kwa miguu na kupanda mabasi, na mitaa iliyotengwa kwa mabonde ya miti na bustani.

Lakini mji hauhami kwa karatasi. Miaka ikapita zaidi ya 40, na wizara nyingi zikabaki Dar es Salaam. Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali yote itahamia Dodoma, na safari hii ilihama kweli. Mwaka 2017 CDA ikavunjwa, baada ya malalamiko mengi ya wananchi juu ya viwanja. Mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji, na mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya kuitambua kuwa makao makuu ya nchi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma mjini. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 765,179. Someni namba hizo tena. Katika miaka 10 watu walikaribia kuongezeka mara mbili.

Mtumba ni kata iliyo upande wa mashariki wa jiji, kwenye barabara ya kwenda Dar es Salaam, yapata kilomita 17 kutoka katikati ya mji. Hapo ndipo palipochaguliwa kuwa mji wa serikali. Mwishoni mwa mwaka 2018 kila wizara ilipewa shilingi bilioni 1 ijenge ofisi ya kuanzia, na Aprili 2019 ofisi hizo zikafunguliwa. Zilikuwa nyumba za chini, za kawaida. Baadaye, kuanzia mwaka 2021, yakaanza kupanda majengo makubwa ya ghorofa. Kijana wako, mzee wangu, huenda ameshika mwiko kwenye mojawapo ya kuta hizo, na hilo ni jambo la kujivunia.

Basi, je, utadumu?

Wapangaji wa miji siku hizi wana neno wanalolipenda: endelevu. Mji endelevu. Maana yake mnaijua zaidi yao. Mtu akivua kwa baruti hupata samaki wengi leo, lakini ameua matumbawe, na mwakani mwanawe atatupa nyavu patupu. Uvuvi huo si endelevu. Mji nao waweza kujengwa kwa namna ya baruti. Waweza kumaliza maji, miti na ardhi katika miaka 20, ukawaachia wajukuu vumbi na madeni. Kwa hiyo mji mpya usiutazame kwa vioo vya madirisha yake. Uliza maji yatoka wapi, na watu wafikaje kazini.

Maji kwanza, maana Dodoma si Lindi. Huko mvua hunyesha msimu mmoja tu, kutoka Desemba mpaka Aprili hivi, na kwa mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 600. Mji umeishi kwa miaka mingi kwa maji ya visima virefu vya Makutupora, upande wa kaskazini. Visima vile viliutosha mji mdogo. Ongeza watu laki 3 na nusu, ongeza ofisi zenye vyoo vya maji na bustani za kumwagilia, kisha uone. Serikali imechimba visima zaidi, na ina mipango ya bwawa la Farkwa na ya kuvuta maji kutoka Ziwa Victoria. Hiyo ni mipango mikubwa ya fedha nyingi. Lakini liko pia jambo dogo ambalo kila nyumba yaweza kufanya, na hapa ndipo tunafanya hesabu yetu.

Chukua nyumba yenye paa la bati. Urefu mita 10, upana mita 8. Zidisha: 10 mara 8 ni 80. Paa lina mita za mraba 80. Sasa kumbukeni kanuni hii, ni nyepesi: milimita 1 ya mvua ikianguka juu ya mita 1 ya mraba, ni lita 1 ya maji. Basi mvua ya milimita 500 juu ya paa hili ni 500 mara 80, yaani lita 40,000. Toa sehemu moja katika tano kwa maji yanayomwagika na kukauka. Zinabaki lita 32,000. Pipa la kawaida huchukua lita 200. Gawanya: ni mapipa 160. Nyumba ya watu 6, kila mmoja akitumia lita 20 kwa siku, yatumia lita 120. Lita 32,000 gawanya kwa 120, wapata siku 266. Karibu miezi 9! Na hiyo ni Dodoma, mahali pakavu. Kwenu Sudi mvua ni nyingi kuliko hiyo. Kinachokosekana ni mfereji wa bati pembeni mwa paa, na tangi la kuyaweka. Tangi ndilo ghali, nakubali. Mwenye paa la makuti atanisamehe, hesabu hii haimhusu bado.

Jengo la wizara lina paa kubwa mara nyingi kuliko hilo. Mji mpya ambao maji ya mapaa yake hukimbilia mtaroni, huku wananchi wa jirani wakisubiri bomba kwa zamu, haujapangwa vizuri, hata uwe na taa za namna gani. Tena maji yaliyokosa pa kwenda hulipiza kisasi. Wa Dar es Salaam wanakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, bonde la Msimbazi lilipofurika na watu wa Jangwani wakapoteza nyumba na wengine uhai.

Miti nayo ni sehemu ya habari ya maji. Mwaka 2017 ilianzishwa kampeni ya kuifanya Dodoma iwe ya kijani, na miche mingi imepandwa. Kupanda ni kazi ya siku moja. Kumwagilia ni kazi ya miaka mitatu, na mbuzi hana habari ya kampeni.

Jambo la pili ni umbali kati ya kitanda na kazi. Tufanye hesabu tena, fupi. Karani anakaa katikati ya mji, ofisi yake iko Mtumba. Kwenda kilomita 17, kurudi 17, jumla 34. Kwa mwezi anafanya kazi siku 22. Zidisha: 34 mara 22 ni 748. Yaani kila mwezi karani huyu anasafiri zaidi ya safari ya kutoka Lindi hadi Dar es Salaam, wala hajafika popote! Nauli yake, mafuta ya gari, saa zake za kukaa na watoto, vyote vimebaki barabarani. Ndiyo sababu wapangaji wazuri husema, changanyeni. Ofisi hapa, nyumba za kukaa karibu, soko katikati, shule ambayo mtoto aweza kuifikia kwa miguu. Mahali penye ofisi tupu hufa saa 10 jioni. Hakuna anayenunua mkate, hakuna anayechungulia dirishani, na mwizi hupapenda.

Kule Hamburg, Ujerumani, ujenzi wa mtaa mpya uitwao HafenCity ulianza mwaka 2001 kwenye eneo la bandari ya zamani. Humo ofisi na makazi vimechanganywa makusudi. Na kwa kuwa maji ya mto hupanda sana wakati wa dhoruba, majengo yamewekwa juu ya vilima vya udongo wa kujaza, zaidi ya mita 7 juu ya usawa wa bahari. Watu wa pwani mtaelewa. Huko Dodoma, Shirika la Nyumba la Taifa limejenga nyumba Iyumbu, na Wakala wa Majengo Tanzania umejenga Nzuguni, ambako ni upande wa njia ya Mtumba. Maoni yangu ni kwamba hizo ndizo habari za kufuatilia, kuliko ghorofa za wizara. Mji wa Mtumba utajulikana ni mji siku mama lishe atakapopata wateja wake huko usiku pia.

Liko jambo lingine linaloua mji, nalo ni kuujenga kwa kazi isiyokuwapo. Mifano miwili iko mlangoni penu.

Wa kwanza ni wa kale. Mwanzoni mwa karne ya 14 Kilwa Kisiwani ilikuwa tajiri kwa biashara ya dhahabu iliyotoka Sofala. Sultani al-Hasan bin Sulaiman akajenga nje ya mji, juu ya mwamba unaotazama bahari, jumba la ajabu la mawe ya matumbawe na chokaa. Watu huliita Husuni Kubwa. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100. Upande mmoja palikuwa makazi, na birika la kuogea lenye pembe nane. Upande mwingine palikuwa kiwanja kikubwa kilichozungukwa na vyumba, vinavyodhaniwa kuwa vya kuwekea bidhaa. Mwaona? Makazi na shughuli pamoja, mtaa mpya wa mji uliostawi, miaka 700 iliyopita! Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, siku za sultani huyo, akausifu mji. Lakini wachimbuzi walioongozwa na Neville Chittick, waliofukua magofu hayo karne iliyopita, waliona kwamba jumba halikumalizika, na lilikaliwa muda mfupi tu. Mji wa zamani ulio karibu nalo, wenye msikiti mkuu na visima, ndio ulioendelea kukaliwa.

Mfano wa pili wazee wenu waliuona kwa macho. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango mkubwa wa kulima karanga, na Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu zake. Ili kuzisafirisha karanga, wakapima mji mpya Mtwara, wenye barabara pana na viwanja vilivyo mbalimbali, wakajenga bandari ya maji marefu, na reli ya kwenda bara. Karanga hazikuota walivyodhani. Ardhi ilikuwa ngumu, mvua haikutabirika, matrekta yakavunjika. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na yapata pauni milioni 36 zikapotea. Bandari ilifunguliwa mwaka 1954, karanga zenyewe hazipo. Reli ikafungwa mwaka 1962, na mataruma yakang'olewa. Mtwara haikufa, tena leo ina uhai mwingi, lakini kwa miaka mingi ilikuwa kama kanzu ya baba iliyovaliwa na mtoto.

Mtumba ina nafuu kuliko Mtwara ya mwaka 1951, kwa sababu kazi yake imewekwa na sheria. Wizara haziwezi kukosa kuota kama karanga. Tena tangu katikati ya mwaka 2024 treni ya umeme hufika Dodoma kutoka Dar es Salaam. Kwa hiyo jibu la swali la pili ni hili: mji utakaa. Utakaa vizuri au kwa shida, hilo litaamuliwa na maji na nyumba.

Na sasa swali la tatu, mzee wangu. Niuze?

Mimi nasema, usiuze. Nitakuambia kwa nini. Mkorosho hukupa kitu kila mwaka, nawe waweza kuwaachia wajukuu ukiwa bado unazaa. Kiwanja kitupu hakizai. Kinadai. Hati yake ina masharti, mojawapo ni kukiendeleza kwa muda uliotajwa, na kila mwaka kuna kodi ya ardhi. Asiye na fedha za kujenga hununua mzigo. Kijana akitaka kiwanja, na anunue kwa mshahara wake, kidogo kidogo. Aende Halmashauri ya Jiji la Dodoma kwa miguu yake, aone ramani iliyoidhinishwa, alitazame jiwe la pembe, na alipe benki kwa namba ya malipo ya serikali. Asimpe mtu fedha mkononi chini ya mti, hata mtu huyo awe na kofia ya mpimaji.

Tena shamba hilo si lako peke yako. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume kuuza nyumba ya familia bila idhini ya mkewe, wala mke bila ya mumewe. Na chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji haiuzwi kwa mgeni kimyakimya. Halmashauri ya kijiji lazima ihusike. Sheria hiyohiyo inakuwezesha kupata hati ya hakimiliki ya kimila kwa shamba lako. Wangapi darasani wanayo? Inueni mikono, mwalimu awahesabu.

Nauliza hivyo kwa sababu ninyi wa pwani ya Lindi huenda msihitaji kuufuata mji. Mji waweza kuwafuata. Likong'o, karibu na mji wa Lindi, ndipo palipotengwa kwa kiwanda cha kusindika gesi iwe kimiminika. Serikali na makampuni wamezungumza juu yake kwa miaka mingi, na wananchi waliotakiwa kupisha eneo hilo walilipwa fidia mwaka 2020. Kiwanda kikijengwa, Lindi itatafuta mahali pa ofisi, maghala na nyumba, na macho yatatazama kando ya pwani yote.

Wapimaji wakija, hapo ndipo kusoma kunapokuwa mali. Mtathmini atapita shambani na fomu. Ataandika jina lako, ukubwa wa ardhi, nyumba, miti. Kisha atakupa utie sahihi au dole gumba. Usitie kabla hujasoma. Tazama namba ya mikorosho. Ikiwa una 40, isiwe 14. Sikio huyasikia maneno hayo mbalimbali kabisa, lakini kalamu yenye haraka huyabadilisha kwa kitambo kidogo, na mkorosho ambao haumo katika fomu haulipwi. Tazama kama kisima kimeandikwa, na banda, na makaburi ya wazee. Sheria ya nchi inataka fidia iliyo kamili, ya haki na isiyocheleweshwa. Humo mna thamani ya ardhi, thamani ya mazao na majengo, na posho ya usumbufu. Ikichelewa, riba huongezwa. Omba nakala ya fomu. Ukinyimwa, mwambie mwenyekiti wa kijiji mbele ya mashahidi, na uandike tarehe.

Kazi ya juma hili ni mbili. Kwanza, kila mmoja apime paa la nyumba moja kwa hatua, afanye hesabu ya maji kama tulivyofanya. Pili, chora ramani ya shamba lako kwenye ukurasa mmoja: upande wa jua kuchwa nani anapakana nawe, upande wa bahari nani, njia iko wapi, miti ni mingapi ya kila aina. Andika namba kwa tarakimu na kwa maneno. Jirani yako asome ulichoandika, akubali mpaka, na atie jina lake chini. Mkiwa mmebishana juu ya mpaka, vema, bishaneni sasa, mzee anayekumbuka angali hai.

Juma lijalo tutasoma stakabadhi za chama cha msingi, na namna ya kujua kilo zako hazikupungua kwenye mizani. Kwaherini.